Somo yangu ananiuzia chumvi ya kulowekea mwili, na mama yangu mwenye sukari naye ameipenda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Kigamboni. Kazi yangu ni samaki. Alfajiri navuka na pantoni kwenda Feri, nasubiri mnada, nikipata mzigo wangu narudi nao kwenye ndoo kichwani, naukaanga nyumbani na jioni nauza barazani. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na mwili ulishaizoea.

Mambo yalibadilika binti yangu aliponishawishi nijiunge na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu. Jumapili asubuhi tunakimbia mpaka Daraja la Kigamboni, tunalipanda, tunashuka, tunageuza. Siku hiyo hiyo nakuwa mzima na nafurahi kabisa. Kesho yake, na hasa keshokutwa, sishikiki. Mapaja yanauma, vigimbi vimekaza, kuchuchumaa chooni mpaka nishike ukuta. Kule kwenye mteremko wa kuingilia pantoni nateremka kwa ubavu na watu wananipita wakinung'unika. Kiuno nacho sasa kinauma hata wiki ambayo sijakimbia.

Nina somo yangu, tuko naye kikoba kimoja. Yeye anauza chumvi ya madini ya kulowekea mwili, imeandikwa Epsom, kopo la kilo moja Sh 45,000. Anasema inatoa sumu mwilini, inarudisha madini kwenye misuli na mifupa, na ukinywa kijiko kimoja asubuhi inasafisha figo. Nimechukua makopo mawili kwa mkopo, nakatwa kwenye hisa zangu za kikoba. Kuinywa sijathubutu. Kwetu hakuna bafu la kulala, tuna choo na bafu la nje, kwa hiyo naloweka miguu kwa maji ya moto kwenye beseni la kufulia. Kusema kweli nikitoka hapo nasikia nafuu na usingizi unakuja. Na maji yanabaki na rangi ya udongo, somo anasema ndiyo sumu hiyo imetoka.

Mume wangu amekasirika. Anasema nimeuziwa chumvi ya kupikia kwa bei ya dhahabu, na kwamba jogging ni mambo ya vijana, niache. Huwa namalizia kwa vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya duka la dawa, sasa karibu kila siku, na tumbo limeanza kuwaka moto.

Jingine dogo. Mama yangu anaishi nasi, ana sukari ya miaka mingi, na miguu yake huwa inamchoma na kufa ganzi. Aliponiona naloweka naye akataka. Ameloweka mara mbili, na juzi nimemwona na lengelenge kisiginoni. Mwenyewe anasema haliumi hata kidogo.

Je, Shangazi, chumvi hii inafanya kazi au nimetapeliwa? Na somo yangu nimwambieje bila kuvunja urafiki?

Mama Samaki, Kigamboni

JIBU

Marahaba mwanangu. Hilo uliloliita dogo ndilo nitakaloanza nalo, maana mengine yote yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Mpeleke mama kituo cha afya leo hii. Usingoje tarehe ya kliniki yake. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na lengelenge lisilouma kwenye mguu wa mtu mwenye sukari lilinitia hofu kuliko linalouma. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni. Ndiyo ile ganzi na kuchomachoma anakokusimulia. Mguu wa namna hiyo hautoi taarifa: maji yanauunguza, naye anakaa ametulia akidhani ni ya vuguvugu. Mishipa ya damu nayo huwa imesinyaa, kwa hiyo kidonda kinachelewa kupona, wadudu wanaingia, na kutoka kisiginoni ugonjwa unaweza kufika kwenye mfupa. Watu wengi waliokatwa mguu kwa ajili ya sukari walianza na kitu kidogo kama hicho. Usilitoboe, usilipake dawa ya meno, asali wala mafuta ya nazi. Lifunike kwa kitambaa safi kikavu, mvalishe kiatu kisichobana au mchukulieni bajaji asikanyagie, na mkifika semeni wazi kwamba ana sukari na aliloweka mguu kwenye maji ya moto.

Baada ya hapo mama haloweki tena miguu, kwa chumvi wala bila chumvi. Aoshe kwa maji ya kawaida na sabuni, haraka, kisha akaushwe vizuri mpaka katikati ya vidole. Mafuta apakwe juu na chini ya mguu, ila si katikati ya vidole, kwa sababu unyevu wa pale unaleta fangasi na michubuko. Kila jioni mtazame nyayo, au mwekee kioo chini ajitazame mwenyewe. Na ile tabia yetu ya kutembea pekupeku uani aiache, maana jiwe la jiko au msumari hatauhisi.

Sasa tuje kwako.

Maumivu yako ya siku ya pili na ya tatu baada ya kukimbia yanajulikana vizuri. Misuli ikifanya kazi ambayo haijaizoea, nyuzi zake ndogondogo hupata michubuko isiyoonekana kwa macho, na mwili unapozitengeneza pale panavimba kidogo na kuuma. Kwa kawaida maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi, hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua yenyewe ndani ya wiki. Wengi mitaani wanasema ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Hiyo asidi huondoka ndani ya saa moja au zaidi kidogo baada ya kupumzika, kwa hiyo kufikia Jumanne haipo tena ya kulaumiwa.

Na ajabu ya misuli ni kwamba kuteremka kunaichubua kuliko kupanda. Unapopanda daraja unahema sana, lakini unaposhuka paja lako linafanya kazi ya breki: linavutwa huku limejikaza, na hapo ndipo nyuzi zinapochanika. Ndiyo maana Jumatatu unapata shida kwenye mteremko wa pantoni, unakuwa unaliamsha paja lile lile kwa kazi ile ile. Habari njema ni kwamba misuli iliyoumia hivyo mara moja hujijenga, na safari nyingine ya aina ile ile haiumi kama ya kwanza. Mumeo akisema uache, mwambie unapunguza tu. Kwa wiki chache zijazo kimbia kwenye tambarare, ukifika darajani tembea hasa wakati wa kushuka, na kikundi kikikuacha nyuma kikuache. Mwanamke wa miaka 43 anayejenga moyo wake na mifupa yake kwa kukimbia anafanya jambo la maana sana na sitaki ulikose kwa sababu ya vigimbi.

Chumvi yenyewe ni kitu gani? Kama kweli ni Epsom, basi ni magnesiamu salfeti, ile ile ambayo wazee wetu wanaijua kama chumvi ya haluli. Jina la Epsom linatokana na mji ulioko kusini mwa London, Uingereza, ambako karne ya 17 watu walikuwa wakifuata chemchemi yenye maji machungu. Waliyanywa ili waharishe. Mwaka 1695 daktari Nehemiah Grew aliandika kuhusu chumvi iliyopatikana kwenye maji hayo na jinsi ya kuitumia. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya chumvi hii duniani ilikuwa ya tumbo, habari za misuli zilikuja baadaye. Mumeo amekosea kidogo, chumvi ya kupikia ni nyingine. Kwenye bei, hata hivyo, yuko sahihi. Magnesiamu salfeti ni kitu cha bei ndogo. Ulizia unga wa haluli kwenye duka la dawa ulinganishe mwenyewe.

Dai kwamba madini yanapenya ngozi na kuingia kwenye misuli halina ushahidi wa kutegemewa. Ngozi yetu kazi yake kubwa ni kuzuia, na tabaka lake la juu lina mafuta yanayokataa vitu vya namna hii. Fikiria wodi ya wazazi. Mama mjamzito akipata kifafa cha mimba, dawa anayopewa ni hii hii magnesiamu salfeti, na imeokoa akina mama wengi sana nchini na duniani. Lakini hapewi kwa kulowekwa. Anachomwa sindano, gramu 4 za kwanza zikipitia kwenye mshipa wa damu polepole, huku muuguzi akihesabu pumzi zake na kupima kama goti bado linaruka likigongwa, kwa sababu ikizidi inaweza kusimamisha upumuaji. Dawa yenye nguvu namna hiyo ingekuwa inapita kwenye ngozi kirahisi, kuloweka miguu kungekuwa jambo la kuogopwa.

Kuna na hesabu nyingine iliyo karibu zaidi na wewe. Bafu la kulala la lita 150 lililotiwa nusu kilo ya chumvi ya Epsom linakuwa na magnesiamu takriban theluthi moja ya gramu kwa kila lita. Bahari unayoivuka kila alfajiri ina kama gramu 1.3 kwa lita, yaani mara nne ya bafu hilo, tena bure. Wanaume wanaoshinda majini mpaka kiunoni wakivuta nyavu wanaloweka misuli humo kutwa, na bado jioni wanatafuta wa kuwakanda mgongo.

Kuhusu rangi ya maji: wewe unatoka Feri, umetembea kwenye vumbi, umekaanga samaki kwenye moshi. Maji ya moto na chumvi hulainisha ngozi iliyokufa, vumbi linaachia, beseni linachafuka. Jaribu kuloweka kwa maji matupu na sabuni uone kama rangi itakuwa tofauti sana. Kusafisha damu ni kazi ya ini na figo, na viungo hivyo havitumii nyayo kama mlango.

Sasa hiyo nafuu uliyoisikia imetoka wapi? Imetoka kwenye maji ya moto, na ni ya kweli kabisa. Joto hufungua mishipa ya damu, damu inapita kwa wingi kwenye misuli iliyokaza, misuli inalegea, na neva zinazopeleka habari za maumivu zinatulizwa. Juu ya hayo, umekaa chini dakika ishirini bila mtu kukuita. Kwa mama anayeamka saa tisa za usiku, hiyo peke yake ni tiba. Bibi zetu walilijua hili bila kopo lolote. Mgeni mwenye kiuno alikandwa, mzazi alikandwa, mzee mwenye baridi yabisi alikandwa. Wewe una urithi huo nyumbani, na mkandaji mzuri pengine ni huyo huyo mama yako.

Basi fanya hivi. Usiloweke mara tu utokapo kukimbia, kwa joto letu la Dar mwili tayari unachemka. Kunywa maji kwanza, kula, pumzika, na jioni ndipo uandae beseni. Tia maji ya baridi kwanza, halafu ongeza ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, na pima kwa kiwiko, maana kiganja cha mkaanga samaki kimezoea moto na kitakudanganya. Liwe joto ambalo ungemwogeshea mtoto mchanga au limezidi hapo kidogo tu. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na maji yaliyochemka ni hatari zaidi, kwa hiyo usimimine ya sufuria wakati miguu imo ndani. Itoe kwanza, ongeza, koroga, pima, rudisha. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Ukitaka kupunguza gharama ya gesi au mkaa, dumu jeusi la lita 20 likiachwa juani tangu mchana maji yanakuwa ya vuguvugu, yanabaki kuongezewa kidogo tu.

Beseni linafika kwenye vigimbi, ila mapaja na kiuno vinabaki nje. Hapo tumia taulo. Lichovye kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, likamue barabara, likunje, liweke juu ya kanga kavu kiunoni, na likipoa ulirudie. Mtu akikusaidia, akande kwa kiganja chote, taratibu, kutoka gotini kwenda juu ya paja, bila kufinya kwa nguvu mahali panapouma. Kisha nyoosha miguu polepole, vuta vidole vya miguu kuelekea kwako uhesabu mpaka thelathini, acha, rudia.

Kopo ulilofungua usilitupe. Nusu kikombe kwenye beseni haidhuru kitu kama ngozi haina kidonda, na kama unapenda jinsi inavyolainisha miguu, itumie mpaka iishe. Suuza baadaye, maana ikikaukia mwilini inawasha na kukausha ngozi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi tayari, hujui umetia ngapi juu ya ngapi.

Ila kuinywa usiinywe, na nashukuru hukuthubutu. Kijiko kinaharisha, na katika joto hili kuharisha kunakupunguzia maji na chumvi ambazo jasho limeshazichukua. Kwa mtu ambaye figo zake zimechoka, magnesiamu inarundikana kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Watu wenye sukari ya miaka mingi mara nyingi figo zao zimeshaguswa bila wao kujua. Kwa hiyo hiyo habari ya kusafisha figo ni ya hatari kweli kweli, na mama asipewe hata kidogo. Magnesiamu ukiitaka kwa njia salama ipo kwenye chakula chetu: mchicha, kisamvu, maharage, karanga, korosho, ufuta, mbegu za maboga, na ugali wa dona badala ya sembe.

Diklofenaki nayo iache. Dawa ile si pipi. Ikitumiwa kila siku inachubua tumbo, na huo moto unaousikia unaweza kuwa mwanzo wa vidonda. Inachosha figo na inapandisha presha. Nenda kapimwe presha na ueleze hilo tumbo, na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya baada ya mazoezi, siku ikiwa mbaya sana, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa inatosha. Nasisitiza hili kwa sababu nyingine: hapa Dar si kila mwili unaouma umetokana na kazi. Ukiumwa misuli na viungo huku una homa, kichwa na macho kwa ndani, inaweza kuwa malaria au dengue. Mwaka 2014 na 2019 jiji hili lilikumbwa na dengue, na mtu mwenye dengue akinywa diklofenaki, ibuprofeni au aspirini anaweza kuvuja damu. Homa ikiwepo, kapime kabla ya kumeza kitu zaidi ya parasetamoli.

Kuna mengine ambayo beseni haliyawezi. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi baada ya mazoezi makali, misuli imeharibika kiasi cha kutishia figo, nenda hospitali mara moja. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma kuliko kingine, usikikande kabisa, huenda kuna damu iliyoganda ndani. Mguu ukiteguka na kuvimba, siku mbili za kwanza ni za baridi, joto lisubiri. Wewe barafu unaijua, ila chukua safi isiyogusa samaki, ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 kwa mara moja.

Kiuno chako nataka tukizungumze peke yake, kwa sababu naona hakihusiani sana na jogging. Umesema kinauma hata usipokimbia. Ndoo ya lita 20 ikijaa samaki na barafu ni mzigo mzito, nawe unaitwaa chini, unaipandisha kichwani, unateremka nayo, unavuka. Usijitwishe peke yako. Muombe mwenzio, kila mmoja ashike upande, mkunje magoti na kuinuka kwa miguu, mgongo umenyooka. Ngata iwe nene na ikae katikati ya utosi. Ikiwezekana gawanya mzigo, uje na nusu mwenyewe na nusu mpe mtu wa toroli mpaka kwenye pantoni. Hizo Sh 90,000 za makopo mawili zingelipa toroli siku nyingi.

Halafu jiko. Sijakuona ukikaanga, ila nimewaona wakaangaji wengi: kigoda kifupi, jiko liko chini, mtu amejikunja juu ya karai saa mbili tatu, anageuza samaki kwa mkono mmoja na kukinga moshi kwa mwingine. Mgongo wowote utalia. Inua jiko kwa matofali mpaka karai lifike usawa wa tumbo lako ukiwa umekaa kwenye kiti cha kawaida, au usawa wa kiuno ukikaanga umesimama. Hakikisha matofali yametulia kabla ya kutia mafuta, na watoto wakae mbali. Kila ukitoa mkupuo mmoja wa samaki, simama, shika kiuno, jinyooshe nyuma kidogo, tembea hatua chache. Fanya hivyo wiki tatu. Kiuno kikiendelea vile vile, au maumivu yakishuka mguuni na kuleta ganzi, muone daktari akuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Na ikitokea huwezi kuzuia mkojo au unakufa ganzi sehemu za kukalia, hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Sasa somo yako. Sidhani kama amekusudia kukutapeli. Wauzaji wengi wa bidhaa hizi wamekabidhiwa maneno pamoja na makopo, wanayasema kwa kuyaamini, na wenyewe wana deni la mzigo. Kwa hiyo usimwendee mbele ya wanakikoba. Mfuate kwake, mkae, mwambie ukweli kwa utaratibu wake: kwamba kopo la kwanza umelitumia na utalilipa, kwamba la pili, kama hujalifungua, unaomba alipokee alitoe kwenye makato yako, na kwamba mama ameungua. Hili la mwisho usilifiche kwa kumwonea haya. Mwombe kabisa asimuuzie tena mtu mwenye sukari bila kumuonya, wala asimwambie mtu yeyote anywe. Akitaka kuendelea na biashara, auze kwa bei ya haki na aseme ni chumvi ya kulainisha miguu, hapo hatakuwa amemdhuru mtu. Akikataa kulipokea lile kopo, lipa, yaishe, usilipeleke kwa katibu wa kikoba kulizulia kesi. Lakini lile neno la kunywa usilinyamazie. Mkikutana kikobani na akalisema tena mbele ya akina mama, nawe sema ulichokipata hapa, hata kama atanuna.

Mumeo mpe hii barua asome sehemu ya jogging. Kisha mwambie akutafutie matofali.